Kuvua Perege kwa Ndoano Nyumba ya Mungu, na Kumsafisha Mpaka Aingie Kikaangoni

Ukimuuliza mtu wa Moshi mjini kuhusu samaki wa bwawani, mara nyingi atakujibu kwamba wananuka tope. Kuna ukweli katika jibu hilo, lakini wengi wanaolitoa wamekula samaki aliyeshinda juani na matumbo yake, akasafirishwa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaja kusafishwa jioni. Perege aliyetoka majini saa moja asubuhi, akauawa papo hapo, akatolewa matumbo kabla ya saa mbili na kulazwa kwenye barafu, ni samaki mtamu. Nyama yake ni nyeupe, imekaza, na haihitaji viungo vingi. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimeandika kirefu zaidi kuhusu ile saa ya kwanza baada ya samaki kunasa. Kumnasa perege si kazi ngumu. Ladha yake inapatikana au inapotea mikononi mwako.

Bwawa na samaki wake

Nyumba ya Mungu liko kusini mwa Moshi, mahali wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro zinapopakana. Lilijengwa miaka ya 1960 pale mto Kikuletwa, unaoshusha maji ya Meru na Kilimanjaro, unapokutana na mto Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. Ukutani kuna mitambo ya umeme ya megawati 8, na maji yanayotoka hapo ndiyo mto Pangani, unaoteremka kupitia Hale hadi Bahari ya Hindi.

Habari hii ya umeme inamhusu mvuvi moja kwa moja. Kina cha bwawa hupanda kwa mvua na hushuka kwa kiangazi na kwa maji yanayoachiwa, na kwa kuwa kingo zake nyingi ni tambarare, ukingo husogea sana. Mahali ulipovua vizuri mwezi wa sita, maji yakiwa yamejaa baada ya masika, mwezi wa kumi panaweza kuwa nchi kavu yenye tope lililopasuka. Usikariri sehemu. Jifunze kusoma dalili za sehemu, nitazieleza mbele.

Samaki tunayemtafuta ni perege, ndugu wa sato wa Ziwa Victoria. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, na wawili kati yao wamepewa majina ya kitaalamu kutokana na maji yao: Oreochromis pangani na Oreochromis jipe. Huyu wa pili yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Mtu wa kawaida hawezi kuwatofautisha kwa macho akiwa amesimama ukingoni, kwa hiyo adabu ya uvuvi ni moja kwa wote: chukua wa kula, rudisha wadogo, rudisha wazazi.

Mzazi utamtambuaje? Perege wa jamii hii wana namna yao ya kulea. Dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga pale, kisha hukusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo humo. Vifaranga wakishaanguliwa huendelea kukimbilia kinywani mwa mama wakiona hatari. Ukivuta perege ukaona anatema mayai ya njano au visamaki vidogo, mtoe ndoano kwa upole, mrudishe majini pale pale, na uhamie mita hamsini mbele. Ukiona vishimo vya mviringo vingi kwenye maji mafupi, fahamu uko kwenye uwanja wa mazalia. Paache.

Kwa walioko Arusha, maji ya karibu ni Ziwa Duluti pale Tengeru. Lile liko ndani ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo unaanzia getini: unalipa kiingilio, unauliza kama kuvua kunaruhusiwa na kwa masharti gani. Wengine watakutajia Ziwa Chala, upande wa Rombo mpakani na Kenya. Mimi siendi kuvua Chala na sikushauri. Lina perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, na kuta zake za mwamba zimesimama wima kiasi kwamba ukiteleza hakuna wa kukufikia haraka. Nenda ukatazame maji ya buluu, urudi.

Kabla ya kubeba ndoano

Uvuvi Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kokoro, sumu na baruti ni marufuku, na hata kwa ndoano moja unatakiwa uwe na kibali. Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika (mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia), au kwa afisa uvuvi. Uliza mambo matatu: leseni inakatwa wapi, samaki wa urefu gani haruhusiwi kuchukuliwa, na kama bwawa liko wazi. Hilo la mwisho usilipuuze. Nyumba ya Mungu limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wapate kuzaliana, na kukutwa na ndoano wakati huo ni kesi.

Zaidi ya sheria kuna heshima. Watu wa mwalo wanaishi kwa bwawa hili. Ukimkuta mzee anashona nyavu, shikamoo yako itangulie kabla ya swali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnatoka mjini?"

"Ndiyo, mzee. Tunatafuta sehemu ya kukaa na ndoano, isiwe na mamba."

"Mamba hana sehemu. Kaeni pale juu kwenye mwinuko, msishuke kunawa."

Ushauri huo uuandike moyoni. Bwawa lina mamba na viboko. Chagua ukingo ulioinuka, usio na matete marefu pembeni yako, unaoona maji vizuri kulia na kushoto. Kaa mita tatu au nne nyuma ya maji, ufito wako utafika. Usiingie majini hata yakiwa ya magoti, usichutame ukingoni kunawa mikono, na usisafishie samaki pale pale kwenye maji, maana damu na matumbo vinaita. Maji ya kusafishia yachote kwa ndoo iliyofungwa kamba, ukiwa umesimama juu. Watoto wakae nyuma yako. Mapema alfajiri na usiku viboko hutembea nchi kavu, kwa hiyo subiri mwanga ukamilike ndipo ushuke kutoka kwenye gari au pikipiki.

Kutokuingia majini kuna faida nyingine. Maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Ukilazimika kukanyaga maji, kisha baada ya wiki kadhaa ukapata homa au ukaona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya ukaeleze ulikokuwa. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu.

Vifaa

Huhitaji mashine ya kuzungusha. Ufito wa mwanzi wa mita tatu hadi nne, mkavu, wenye ncha inayonyumbuka, unatosha kabisa. Mshipi uwe wa nailoni wa unene wa milimita 0.25 hadi 0.30, urefu sawa na ufito au uzidi kidogo. Uzi mnene zaidi ya hapo perege anauona na anasita.

Ndoano ndiyo sehemu ambayo wengi hukosea. Perege ana mdomo mdogo kuliko mwili wake unavyodanganya, na hamezi kwa pupa. Hudonoa. Ndoano kubwa ya kambale itaondolewa chambo siku nzima na wewe utasema bwawa halina samaki. Dukani omba namba 8, 10 au 12, ukikumbuka kwamba namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Kama namba hazieleweki, tumia mkono wako: upana kutoka ncha hadi shina usizidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Boya ni kipande chembamba cha ndala iliyochakaa au cha bua kavu la mtama, urefu wa kidole. Dogo ni bora kuliko kubwa, kwa sababu boya kubwa linampa samaki uzito wa kumshtua. Chubwi ni kipande kidogo cha risasi kinachobanwa kwenye mshipi, kiganja kimoja juu ya ndoano. Kiwe na uzito wa kusimamisha boya wima, basi.

Fundo la ndoano nalo lifunge hivi. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, acha mkia wa sentimita kumi. Zungusha mkia huo kwenye mshipi wenyewe mara tano au sita. Rudisha ncha ya mkia kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu kabisa na tundu. Lowesha kwa mate, kisha vuta taratibu mpaka mizunguko ijipange na kukaza. Usikaze fundo likiwa kavu, kwa sababu nailoni hupata joto la msuguano na kudhoofika pale pale.

Beba pia kisu kifupi chenye makali, mkasi, kijiko cha zamani, kitambaa cha pamba, kirungu kidogo, ubao, ndoo mbili, maji safi ya kutosha na boksi la barafu. Chupa za maji zilizogandishwa usiku kucha kwenye friji zinafaa sana. Lengo ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki.

Chambo

Nyungunyungu ndiye wa kwanza. Kwa sisi tunaoishi upande wa mlima, hakuna shida ya kuwapata: chimba jioni ya kuamkia safari, chini ya migomba, pale udongo ulipolowa na majani yameoza, au kando ya lundo la samadi. Waweke kwenye kopo lenye matundu pamoja na udongo wao na kipande cha jani la mgomba. Usiwafungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, utafika na uvundo.

Chambo cha pili ni ugali. Chukua ugali mgumu wa dona, ukande na unga wa ngano kidogo mpaka ushike kama chapati, halafu uufunge kwenye kitambaa kilicholowa ili usikauke. Kipande cha kuweka kwenye ndoano kisizidi punje ya haragwe. Nyungunyungu mkubwa naye mkate vipande, ncha ya ndoano ifichwe lakini isizikwe kwa kina.

Ili samaki wakusanyike, changanya pumba za mahindi na maji, finyanga madonge ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, tupa mawili au matatu pale utakapovua, kisha dongedonge dogo kila baada ya nusu saa. Ukizidisha watashiba na kuondoka.

Kuvua kwenyewe

Muda mzuri ni tangu mwanga unapokamilika hadi kama saa tatu na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza kusukuma mawimbi ukingoni. Jioni nako hula, kuanzia saa kumi, ila mimi huchagua asubuhi kwa sababu ya samaki na si kwa sababu yangu: asubuhi kuna ubaridi, na ukimaliza una siku nzima ya kumfikisha jikoni.

Dalili za sehemu nzuri ni hizi: kingo za matete yanapoishia na maji wazi kuanza, visiki vilivyozama, maji ya kina cha mita moja hadi moja na nusu, na vipovu vidogo vinavyopanda sehemu moja bila kuhama. Ukiona majani ya matete yanatikisika chini wakati hakuna upepo, kaa hapo, lakini umbali wa usalama uuzingatie vile vile.

Pima kina kwanza. Panga boya, tupa. Boya likilala ubavu, ndoano imelala chini, kwa hiyo lishushe karibu zaidi na ndoano. Unataka chambo kining'inie sentimita 20 hadi 30 juu ya tope. Hatua hii inachukua dakika tano na watu wengi huiruka, kisha wanashangaa.

Sasa tazama boya. Perege hazamishi boya kwa kishindo. Kwanza linatetemeka, duara dogo la maji linatanuka kuzunguka. Linatulia. Linazama nusu, linarudi. Hapo mkono wa mgeni huwa umeshavuta na ndoano imetoka tupu. Subiri. Perege anaonja, anatema, anaonja tena. Utaona boya linaanza kuteleza upande, likielekea kwenye matete au kwenye kina, wakati mwingine bila hata kuzama. Hapo ndipo unyanyue ncha ya ufito juu, kwa mkono mmoja uliotulia, kimo cha kiwiko tu. Ukikurupua kwa nguvu utachana mdomo wake, maana ngozi ya mdomo wa perege ni nyembamba.

Akinasa atakimbia kwa kujipinda ubavu, na kwa umbo lake pana atakuwa mzito kuliko kilo zake. Usishindane naye kichwa kwa kichwa. Weka ufito wima, ncha ifanye kazi ya kunyumbuka, mwelekeze mbali na visiki. Akichoka atalala ubavu juu ya maji, kisha mburure ukingoni kwa mwendo mmoja mpaka afike kwenye nyasi ulipo wewe. Usimfuate majini.

Kumshika kuna namna yake. Pezi la mgongoni lina miiba migumu, na akisimamisha itakuingia kiganjani. Lowesha mkono, anza kichwani, telezesha kiganja kuelekea mkiani ili miiba ilale chini ya mkono wako. Kama ni mdogo, chini ya urefu wa kiganja chako pamoja na vidole, na hata kama sheria ya pale ingekuruhusu, mtoe ndoano ukiwa umemshika kwa mkono uliolowa na umrudishe. Mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na magonjwa, atakufa baadaye bila wewe kujua.

Saa ya kwanza

Samaki anayeachwa kurukaruka kwenye nyasi mpaka afe mwenyewe anachoma nguvu yote iliyo kwenye misuli yake. Hukakamaa mapema, nyama hulegea mapema, huharibika mapema. Tena ni mateso yasiyo na sababu. Mlaze juu ya kitambaa kilicholowa, mfunike macho, mpige pigo moja thabiti kwa kirungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Mwili utatetemeka kisha utalegea.

Mara moja inua kifuniko cha shavu na ukate kwa ncha ya kisu pale mashavu mekundu, yale anayopumulia, yanaposhikana na koo. Damu itoke. Mtumbukize kichwa chini kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika tatu hadi tano. Hatua hii ndiyo inayofanya mnofu uwe mweupe na usiwe na ile ladha ya chuma, na kwenye uvuvi wa nyavu mara nyingi haiwezekani, kwa sababu samaki hukutwa amekwisha kufa.

Kisha toa matumbo hapo hapo, ukiwa mbali na ukingo. Kwa perege hili lina sababu maalumu. Chakula chake kikubwa ni mwani na mabaki ya mimea, na utumbo wake umejikunja kama kamba iliyozungushwa kigaeni, mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Umejaa majani mabichi yanayochacha kwa joto. Kila dakika utumbo huo unapokaa ndani, ukuta wa tumbo unalainika na harufu inahamia kwenye mnofu.

Akishatolewa matumbo, mpanguse, mlaze kwenye barafu tumbo likiwa limeangalia chini ili maji yasituame ndani. Samaki wasikae wakielea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, kwa hiyo boksi liwe na tundu au uyamwage mara kwa mara. Kama barafu imekosekana kabisa, wafunge kwenye gunia la mkonge lililoloweshwa, liweke kivulini penye upepo, na uondoke kabla jua halijapanda. Usiwafungie kwenye nailoni: joto linabaki ndani na wanapikika taratibu kabla ya kufika Himo.

Kumsafisha

Nyumbani kazi iliyobaki ni ya dakika tano kwa kila samaki, ukifuata mpangilio.

Anza na mapezi. Kata kwa mkasi, la mgongoni kwanza, ukielekea kutoka mkiani kwenda kichwani ili miiba ikupishe. Ukimaliza mapezi mikono yako iko salama kwa kazi yote iliyobaki.

Fuata magamba. Mshike mkiani, mlaze ndani ya beseni lenye maji kidogo ili magamba yasiruke ukutani, na uparue kuelekea kichwani. Kijiko kinafaa kuliko kisu kwa sababu hakichani ngozi. Kile kiparuo cha vizibo vya soda vilivyopigiliwa kwenye ubao ni kizuri zaidi kama unao. Sehemu zinazosahaulika ni tatu: chini ya pezi la ubavuni, kando ya tumbo, na chini ya kidevu. Pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani. Kikikwama, rudia.

Kama matumbo hukuyatoa bwawani, sasa ndiyo wakati. Ingiza ncha ya kisu kwenye tundu la haja, makali yakiangalia juu, na upasue ngozi tu mpaka chini ya kidevu. Ukiingiza kisu kwa kina utapasua utumbo au nyongo. Nyongo ni kifuko kidogo cha kijani kilichoshikana na ini. Shika rundo lote karibu na koo, livute kwa pamoja kuelekea mkiani, litoke zima. Nyongo ikipasuka usiogope: mwagia maji mara moja, kisha kata na utupe sehemu yoyote iliyobaki na rangi ya kijani, maana uchungu wake hauondoki kwa kuosha.

Toa mashavu. Yameshikwa sehemu mbili, juu karibu na fuvu na chini karibu na kidevu. Kata zote mbili, vuta kwa kidole gumba. Ukiacha mashavu, kichwa kitanuka hata baada ya kukaangwa, na kwa wengi wetu kichwa ndicho kitamu.

Sasa angalia ndani ya tumbo. Utaona utando mweusi umebandika kwenye kuta, na juu yake, chini ya uti wa mgongo, mstari wa damu nyeusi. Hivi viwili ndivyo wauzaji wengi huviacha, na ndivyo vinavyowapa perege jina baya. Utando unaupangusa kwa kitambaa kikavu au chumvi ya mawe, unatoka kama ngozi ya kitunguu. Mstari wa damu uchane kwa ncha ya kisu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ukwangue kwa ncha ya kijiko chini ya maji yanayotiririka mpaka uone mfupa mweupe.

Osha mara moja kwa maji baridi, panguse, basi. Samaki aliyelowekwa kwenye maji hupoteza ladha na mnofu wake hujaa maji.

Matumbo na magamba yafukie shambani, kina cha mikono miwili ili mbwa wasifukue. Migomba inayapenda.

Harufu ya tope

Hata ukifanya yote hayo, kuna majira ambapo harufu hubaki kidogo, hasa maji yakiwa machache na ya kijani. Inatokana na kemikali iitwayo jeosimini, inayotengenezwa na vijidudu na mwani wa majini, na samaki huihifadhi kwenye mafuta na ngozi. Ndimu inasaidia kwelikweli, kwa sababu jeosimini huvunjika kwenye asidi. Paka maji ya ndimu ndani na nje, pamoja na chumvi, uache dakika kumi na tano. Usizidishe, mnofu utaanza kuiva na kuwa mkavu. Kata pia mafuta yaliyo kando ya tumbo. Kama harufu ni kali sana, menya ngozi yote na umpike mchuzi wenye nyanya na tangawizi, usimkaange.

Akinasa kambale

Ukivua kwa nyungunyungu chini kabisa, kambale atakuja. Ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, kwa hiyo mshike kwa kitambaa nyuma ya miiba hiyo. Anapumua hewa na atakaa hai muda mrefu nje ya maji, ndiyo maana pigo la kirungu kwake lisicheleweshwe. Hana magamba, ana ute. Msugue kwa majivu au chumvi nyingi, suuza, rudia mpaka ngozi ikwaruze mkononi. Juu ya mashavu ana kiungo chenye matawi kama ua jekundu, ndicho anachopumulia hewa. Kitoe chote. Yeye ni mzuri zaidi kwa kubanikwa kuliko kukaangwa.

Kikaangoni

Perege mzima wa gramu 300 hivi mchanje mara tatu kila ubavu, mpaka kisu kiguse mfupa. Mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa. Kabla ya kumkaanga mkaushe kabisa kwa kitambaa, ndani na nje, kwa sababu maji ndiyo yanayofanya mafuta yaruke na ngozi igande.

Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Chovya ncha ya mwiko wa mti: vipovu vikizunguka upesi, yako tayari. Mlaze ukianzia upande wa karibu yako ili mafuta yarukie mbele, na umwache. Dakika tano hadi saba bila kumgusa. Akiwa tayari kugeuzwa atajiachia mwenyewe. Ukimlazimisha, ngozi itabaki kwenye kikaango. Geuza mara moja tu. Angalia kwenye chanjo karibu na mfupa: mnofu ukiwa mweupe na unaachana na mfupa, ameiva. Ugali wa moto, kachumbari yenye pilipili, na mchicha. Kwa mkaa, mpasue kutoka mgongoni umtandaze, umbanike upande wa mifupa kwanza.

Wale wa kuhifadhi, wabichi waliosafishwa wakae kwenye friji siku moja, mbili zikizidi sana. Kwa kugandisha, wakaushe, funga kila mmoja peke yake, andika tarehe, na uwale ndani ya miezi mitatu. Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji usiku kucha, kwa sababu samaki anayeyeyushiwa kwenye beseni la maji ya moto hulegea nje huku ndani bado ni jiwe, na kikaangoni atavunjikavunjika.